Mwani wa kula: wa pakiti, wa karatasi, wa supu au wa Zanzibar?

Mtu akikwambia "kula mwani, una faida", muulize kwanza mwani gani. Kwenye rafu za vyakula vya Asia katika supamaketi kubwa za Dar es Salaam na Nairobi utakuta vipakiti vya kutafuna, bahasha za karatasi za kufungia sushi, yaani vipande vya wali vya Kijapani, na ukibahatika mifuko ya majani makavu yaliyokunjamana, yenye maelezo ya Kikorea au Kijapani matupu. Ukivuka maji hadi Unguja unakutana na mwingine tena, mkavu au wa unga, unaotoka mikononi mwa akina mama wa Paje na Jambiani. Mimea hii ni tofauti, na jikoni hakuna unaoshika nafasi ya mwenzake. Wa pakiti ukiutia kwenye supu unasambaratika na kuacha madoa meusi. Wa Zanzibar hata uuoke vipi hauwi mwepesi wa kuvunjika mdomoni.

Msimamo wangu nautanguliza, ili mwenye haraka asisome yote. Kwa anayetaka kuonja, karatasi kavu zisizoungwa ni bora kuliko pakiti iliyokwisha kuungwa. Kwa anayetaka mwani uingie kwenye chakula cha kila siku, wa Zanzibar una kazi ambayo wa Korea na Japani hauwezi kuifanya. Na kuna aina mbili za kuangalia sana kabla ya kuzitia kikapuni, nimeziweka mwishoni.

Pakiti ya kutafuna

Hii ndiyo iliyouleta mwani kwa watu ambao wasingeugusa. Ni kisahani cha plastiki chenye vipande vyembamba vya mstatili, mara nyingi nane hadi kumi na viwili, uzito wa gramu 4 au 5 vyote pamoja. Mtindo wa Korea, wanaouita gim, hupakwa mafuta ya ufuta na mengineyo ya kupikia, hunyunyizwa chumvi, kisha huokwa. Mtindo wa Japani hupakwa mchuzi wa soya, sukari, na mara nyingi mirin, yaani pombe tamu ya mchele inayotumika kupikia. Kwa Mwislamu tofauti hii si ndogo: soma viungo, au tafuta pakiti yenye nembo ya halali, ambayo baadhi ya kampuni za Korea wanayo. Mwenye mzio wa kamba na kaa naye asome, kwa sababu pakiti nyingi zina onyo kwamba mwani ulivunwa kwenye maji wanamoishi wanyama hao, na michuzi ya Kijapani wakati mwingine huwa na dondoo la kamba au samaki.

Ladha yake? Kwanza chumvi, halafu ufuta, na mwisho kabisa, kipande kikiwa kimeshalowa ulimini, inakuja harufu ya ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Wapo wanaoishia hapo na hawarudi tena. Wengine kisahani kinakwisha kabla hawajakaa.

Ukiulinganisha na krispi za viazi, mwani unashinda kwa kiasi kuliko kwa aina. Pakiti ya gramu 5 ina kalori 25 hadi 30 hivi, wakati gramu 30 za krispi zina kama 160. Lakini katika hizo gramu 5, karibu gramu 2 ni mafuta. Maana yake unakula kidogo, na ndiyo siri yote ya "kitafunwa chepesi". Hakishibishi. Anayetaka kitu cha kutafuna huku akitazama mpira ataridhika, ila aliyeshinda njaa tangu asubuhi anunue mhogo wa kuchoma.

Tatizo la pili ni hali ya hewa yetu. Pwani, pakiti ikishafunguliwa, nusu saa tu vipande vimeingia ubaridi na kuanza kung'ang'ania meno. Fungua ule umalize. Vikishalegea, vipitishe kwenye kikaangio kikavu chenye moto mdogo kwa sekunde chache, vitarudi. Mafuta ya ufuta nayo huchacha yakikaa, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kutumia isikupite, hasa kwenye bidhaa za punguzo la bei. Na kile kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu kilichomo ndani kitolewe kabla kisahani hakijafika mkononi mwa mtoto.

Kwa bei, hesabu kwa gramu. Hapo ndipo pakiti inapoumbuka, kwa sababu sehemu kubwa ya unacholipia ni plastiki na hewa.

Karatasi kavu

Bahasha ya karatasi kumi za nori, jina la Kijapani la mwani huohuo wa pakiti, kila moja kama sentimita 19 kwa 21, ina gramu 25 hadi 30 za mwani mtupu. Unachokosa ni mafuta na chumvi tu, na hivyo vipo nyumbani kwako.

Kuna jambo moja la kuangalia unapoitoa. Inue karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa rangi yake ni nyeusi yenye uzambarau, bado mbichi. Ikiwa ni kijani kibichi kilichokolea, imeshaokwa kiwandani, kama zilivyo karatasi nyingi za sushi. Mwani huu ni wa kundi la mwani mwekundu. Joto linaivunja ile rangi nyekundu na kuiacha ya kijani iliyokuwa imefichwa chini yake. Kwa hiyo huhitaji saa wala kipimajoto, jicho linatosha. Weka kikaangio kikavu kwenye moto mdogo, laza karatasi, igeuze baada ya sekunde kumi hivi, na uiangalie ikibadilika. Ikianza kuwa ya kahawia umechelewa, na uchungu wake hauondoki.

Kutengeneza kitafunwa chenyewe: chovya brashi, au hata kitambaa safi, kwenye mafuta ya ufuta, futa upande wa mgongo ulio na mikwaruzo (upande wa pili unang'aa), nyunyiza chumvi laini, rudisha kikaangioni kwa muda mfupi, kisha kata kwa mkasi. Mafuta meusi ya ufuta uliokaangwa ndiyo yenye harufu ya Kikorea. Mafuta mepesi ya simsim yanayokamuliwa kwetu yanafaa pia, ila harufu itakuwa ya upole zaidi. Tia nusu ya chumvi iliyomo kwenye pakiti na hutaona pengo.

Faida kubwa ya karatasi ni kwamba inaingia kwenye chakula. Ivunje vunje mkononi, changanya na ufuta uliokaangwa na chumvi kidogo, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Hicho ni kiungo cha kunyunyizia wali mweupe, viazi vya kuchemsha, mhogo, mahindi ya kuchoma, bisi. Kwenye mayai inafanya vizuri kuliko vyote: tandaza karatasi juu ya kimanda kikiwa bado hakijakauka juu, kunja taratibu, acha kipoe kidogo, kata vipande vya duara. Wakorea hukitia kwenye vyakula vya kubeba watoto wakienda shule, na mtoto anayekataa mboga hukila kwa sababu ya ule mzunguko mweusi katikati. Kwenye mchuzi wa nazi siipendi. Inalegea na kuteleza kabla sahani haijafika mezani.

Kuhusu protini, usidanganyike na namba. Nori kavu ina protini nyingi kwa uzito wake, theluthi moja au zaidi, na wauzaji wanaipigia debe hiyo. Karatasi nzima ina gramu 3. Umepata gramu moja ya protini, basi. Yai linakuzidi mara sita.

Kwamba karatasi hizi zimekuwa kitu cha kununuliwa na mtu wa kawaida ni kazi ya Mwingereza mmoja ambaye hakuwahi kufika Japani. Wakulima wa nori walikuwa wakisubiri mbegu zije zenyewe baharini. Msimu ukikataa, hawakujua zilikokuwa. Mwaka 1949 Kathleen Drew-Baker, mtafiti wa mwani Manchester, alionyesha kwamba kiumbe kidogo chenye rangi ya waridi kinachoishi ndani ya magamba ya kome na chaza, kilichodhaniwa kuwa mmea mwingine kabisa, ni hatua mojawapo ya maisha ya mwani huohuo. Wajapani walipoipata habari hiyo wakaanza kuotesha mbegu kwenye magamba kwa makusudi, na kilimo kikaacha kuwa bahati nasibu. Kule Uto, mkoani Kumamoto, wamemjengea mnara wa kumbukumbu na humuenzi kila Aprili.

Wakame, wa supu na kachumbari

Majani makavu yaliyokunjamana ndiyo haya. Wakorea huyaita miyeok. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha watu wawili, na anayefikiri ni kidogo akaongeza viwili vya ziada atajikuta na bakuli zima linafurika. Loweka kwenye maji baridi dakika tano, kamua, umemaliza.

Huko Korea supu yake hupewa mzazi aliyetoka kujifungua, na watu huinywa siku ya kuzaliwa kwa kumkumbuka mama. Kuipika ni rahisi: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo na kitunguu saumu vinakaangwa kwa mafuta ya ufuta, unatia wakame iliyokamuliwa, unaigeuza geuza, maji, halafu moto mdogo mpaka nyama ilainike. Chumvi au mchuzi wa soya mwishoni. Kwa mlaji wa Kiswahili aliyezoea supu yenye ndimu na pilipili, mara ya kwanza itaonekana imepooza. Tia ndimu, hakuna atakayekushitaki. Kwenye kachumbari ichanganye na tango, siki au ndimu, sukari kidogo na ufuta. Ule mwani wa kijani kikali unaoletwa mezani kwenye mikahawa ya sushi ni jambo jingine, mara nyingi umetiwa rangi na sukari.

Kama una jiko na familia inayokunywa supu, wakame ina thamani kuliko pakiti za kutafuna. Ubaya wake ni upatikanaji: leo ipo, mwezi ujao haipo.

Mwani wa Zanzibar

Huu wengi wetu tumeuona ukiwa shambani au ukianikwa, tusiuone mezani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti ambao jina la Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam halitengani nao. Wakulima wengi ni wanawake. Hupigilia vigingi kwenye mchanga, hutanda kamba, hufunga vichipukizi kwa tai-tai, yaani vikamba vidogo, kisha hungoja kama wiki sita wakifuata bamvua. Kinachovunwa hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako viwanda hutoa karajinani, ule utelezi unaoshikisha aiskrimu na dawa ya meno. Ndiyo maana hatukuuzoea kama chakula. Ulikuja kama zao la kuuza.

Aina ni mbili, na kwa mpishi tofauti yake ni kubwa. Mwani mwembamba, spinosum, hutoa rojo laini inayotikisika. Mwani mnene, kotoni, huganda imara, hasa kwenye maziwa. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri kwa mkulima, lakini haivumilii maji ya moto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto, na mashamba mengi yamebaki na spinosum. Kwa hiyo unga utakaouziwa Unguja bila maelezo, huenda ni wa spinosum. Uliza.

Jikoni kazi yake ni kufanya chakula kiwe kizito. Usiutafutie ukavu wala harufu ya nori, hauna. Osha mwani mkavu kwa maji mengi mpaka mchanga na chumvi viishe, loweka saa kadhaa ukibadilisha maji, kisha chemsha kwa maji kidogo hadi uanze kuyeyuka, upoze kiasi, saga kwa blenda. Unapata rojo nyeupe ya manjano isiyo na ladha kali, inayokaa kwenye friji siku kadhaa. Kijiko kimoja kwenye juisi ya embe au maziwa ya tende, kinywaji kinakuwa kizito bila kuongeza sukari. Vijiko viwili kwenye mchuzi wa samaki uliokuwa mwepesi, unashika. Kwenye uji wa ulezi wa mgonjwa asiyetaka kutafuna unafaa sana. Wenye unga wanapita njia fupi: robo kijiko cha chai kwanza, koroga kwenye maji baridi kabla ya kutia motoni, la sivyo utapambana na madonge.

Anayeona haya ni mageni akumbuke faluda ya futari. Ile agar-agar, nyuzi nyeupe kavu zinazochemshwa na maziwa, sukari na iliki, nayo hutokana na mwani mwekundu. Mombasa na Unguja wameila Ramadhani nyingi. Kama huna kotoni na unataka kitu cha kuganda na kukatwa vipande, agar-agar inakutosha na ni rahisi kupima. Haihitaji hata friji ili igande.

Elimu ya kuugeuza mwani huu kuwa chakula na bidhaa imesukumwa sana na Dk Flower Msuya, mtafiti wa mwani Zanzibar, pamoja na vikundi vya wakulima vilivyofundishwa kutengeneza unga, sabuni na vyakula. Kenya, akina mama wa Kibuyuni katika kaunti ya Kwale wamepita njia hiyohiyo. Ukinunua kwao, sisitiza unataka wa kula. Mwani uliolengwa kiwandani mara nyingine huanikwa chini, kwenye mchanga wanapopita kuku na mbuzi, na hakuna kosa lolote kwa kuwa kiwanda kitausafisha. Wako wewe uwe umeanikwa kwenye chanja.

Jamaa zetu walioko Marekani na Uingereza wanauziwa kitu hiki, au mwani wa kufanana nacho, kwenye makopo ya kuvutia kwa jina la moss ya baharini, pamoja na madai ya "madini 92" yanayotibu kila kitu. Rojo hii ni nyuzinyuzi laini na maji mengi, ikiwa na madini kiasi. Inateremsha chakula vizuri. Unacholipia zaidi ni picha iliyobandikwa nje.

Mambo ya madini joto, na aina za kuangalia

Mwani wa bahari hukusanya madini joto, na hapa aina zinaachana mbali mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250 kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Karatasi moja ya nori ina makumi ya mikrogramu, kiasi kisichotisha. Kombu, yale majani mapana mazito yanayouzwa kama mbao nyembamba kwa ajili ya supu za Kijapani, inaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 2,000 katika gramu moja. Ulaya wameweka kikomo cha 600 kwa siku kwa mtu mzima, Marekani 1,100. Kipande cha ukubwa wa kidole kinakuvusha.

Kwa hiyo kombu ni ya kutia ladha kwenye maji ya supu na kutolewa, tena mara mojamoja, isiwe ya kutafunwa wala ya kusagwa unga wa kila asubuhi. Wala hatuna shida inayotulazimisha kuitafuta: sheria za Tanzania na Kenya zinataka chumvi ya mezani iwe na madini joto, na mwenye kutumia chumvi hiyo tayari anapata. Mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi, mjamzito au anayenyonyesha amuulize daktari kabla ya kuzoea mwani wowote, na aende na pakiti yenyewe ili gramu na aina visomeke.

Nyingine ni hijiki, nyuzi fupi nyeusi zinazouzwa zikiwa kavu kwenye maduka ya Kijapani. Ina aseniki ya ile aina yenye sumu, na kuiloweka hakuiondoi yote. Mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza imewashauri watu wasiile kabisa. Inafanana na wakame kwa asiyezijua, hasa ndani ya mfuko wenye maandishi usiyoyasoma, kwa hiyo kama huoni jina kwa herufi unazozijua, mwombe muuzaji akusomee kabla hujalipa.